Ulimi wa Kateresi

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, kwa sababu sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwa mtu wa kusimulia mambo hayo. Nitaanza na ulimi wake, maana ndio uliomlisha, ukamsomeshea mtoto, ukamgombanisha na wakubwa, na mwishowe ukamtoroka. Sisi wasichana wa shule moja ya bweni pale Lurambi tulimwita Kateresi, jina la cheo chake: mkuu wa jikoni, mwenye funguo za stoo, bosi wa wapishi sita na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi ofisini. Hata mwalimu mkuu alimwita Kateresi, na nimesikia kwamba marehemu mumewe naye alimwita hivyo hivyo.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye leso mbili kiunoni wakati wote, moja ya kufutia mikono na nyingine sikuwahi kujua ya nini. Hakuonja chakula kwa kijiko. Alichovya mwiko, akadondosha tone moja kiganjani, akalilamba, halafu akanyamaza. Wapishi wote walisimama walipokuwa, wengine mwiko mkononi, wakimtazama uso. Kama kulikuwa na kosa hakuuliza limetokeaje. Aliuliza, "Nani alikoroga hii?" na mwenye kosa alijitokeza mwenyewe, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba Kateresi tayari anamjua. Nami naamini alimjua. Nilimsikia siku moja akisema kwamba githeri ya Jumanne, yale mahindi na maharagwe yetu, ilipikwa kwa kuni za mkaratusi mbichi, na alikuwa ameionja kabla hajafika mahali kuni zilipopangwa.

Hadithi yake iliyovuma zaidi ni ya lori la unga. Lilifika saa nne asubuhi, mwenye lori ana haraka, mwalimu mkuu ameshashika kalamu. Kateresi akafungua gunia moja, akachota unga mbichi kwa vidole viwili, akautia mdomoni akautafuna polepole.

"Hii mahindi ilinyeshewa," akasema. "Halafu ikakaushwa tena. Rudisha."

Mwenye lori akacheka, akamwambia mwalimu mkuu kwamba huyu mama anatania, unga umekaguliwa na watu waliosoma. Kateresi hakubishana naye. Aliingia jikoni, akapika uji kidogo wa unga ule ule, akatoka na kikombe kimoja, akampa yule bwana mbele ya kila mtu.

"Kunywa yote," akamwambia. "Sisi tutangoja."

Jamaa alifika nusu ya kikombe akaanza kutafuta mahali pa kukiweka. Lori liligeuzwa langoni na kurudi lilikotoka. Sisi tuliokuwa madarasani tulishangilia bila kujua tunashangilia nini, na tulipoelezwa wakati wa chakula cha mchana tukashangilia tena, safari hii kwa kupiga sahani.

Nilimfahamu kwa karibu kwa sababu ya mdomo wangu, ambao hadi leo hauna breki. Nikiwa kidato cha pili nilisema kwa sauti, nikiwa kwenye foleni, kwamba maharagwe ya shule yana nyama ya bure, yaani wadudu. Wenzangu walivunjika mbavu. Kateresi alikuwa nyuma yangu. Hakunipeleka kwa mwalimu wa zamu. Alinipita tu, akasema, "Wewe mwenye macho, Jumamosi kuja jikoni."

Jumamosi nilikuta makarai mawili ya maharagwe. Moja langu, moja lake. Tulikaa kwenye vigoda tukayachagua tangu kiamsha kinywa mpaka saa sita, yeye akimaliza viganja vitatu nami nikiwa bado kwenye kimoja. Nilidhani ni adhabu. Baadaye nikagundua kwamba alichagua maharagwe kila Jumamosi ya Mungu, na siku ile alitaka tu mtu wa kupiga naye domo. Tulipiga domo hasa. Nilijua mwalimu yupi amehamishwa kwa nini, na padri yupi hapendi ugali. Tangu siku hiyo nikawa naenda bila kuitwa.

Alichukia jambo moja kuliko unga mbovu: kumwona mtu amekaa kwenye meza tupu. Katika bwalo lake foleni haikusimama. Wasichana tulipita mbele ya madirisha kwa mwendo wa wanajeshi, na mpishi aliyeinua kichwa kumsalimia mtu alipigwa jicho. Amri yake ilikuwa fupi. "Mtu akikaa, pakua." Alisema hivyo mazishini, harusini, na hata kanisani siku ya mavuno, askofu alipoendelea kuhubiri huku vyakula vikipoa nyuma ya hema. Hakumwambia askofu, namtetea hapo. Alimwambia katekista, lakini kwa sauti iliyomfanya askofu amalize mahubiri papo hapo.

Nilipohitimu chuo kikuu alisema lazima nile chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Akanipeleka hoteli moja mjini Kakamega, yenye vitambaa vya meza na maua ya plastiki. Akaagiza obusuma na ingokho, yaani ugali kwa kuku, kwa ajili yangu, na obusuma kwa mboga kwa ajili yake. Tukangoja. Mhudumu aliegemea kaunta akitazama televisheni. Meza za jirani nazo zilikuwa zinangoja. Mzee mmoja alikuwa amemaliza kusoma gazeti na ameanza kulisoma upya. Kateresi alitazama saa ya ukutani mara moja. Alipoitazama mara ya pili akasimama, akakaza leso, akaingia jikoni kupitia mlango ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilisikia sufuria zikigongana, nikasikia sauti yake. Akatoka amebeba sahani nne, mbili mikononi na mbili juu ya mikono, na nyuma yake mpishi wa hoteli akifuata na nyingine mbili kama mwanafunzi. Aliwahudumia watu wa meza zote kabla ya kutuletea sisi. Yule mzee wa gazeti alisimama akampa mkono. Nilipoanza kula alikuwa ameshanieleza kwamba kuku wangu alichinjwa jana na si leo, lakini mpishi anajua kazi, shida yake ni uoga.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka tu. Kwake nyumbani, Shirere, mgeni alingoja mpaka akasahau alichokuja kufanya. Nilikodi chumba ng'ambo ya njia kutoka kwake nikiwa chuoni, kwa hiyo nasema nilichokiona. Binti yake wa pekee alikua akila chakula cha mchana saa kumi, kwa sababu mama yake hakuachilia sufuria hadi iwe vile anavyotaka. Ukimkumbusha amri yake mwenyewe alikuwa na jibu tayari. "Ile ni kazi. Hapa ni kwangu." Na ingawa alipika kuku wasio na idadi, hakuwahi kula hata mmoja. Nyanya yake alimfundisha kwamba mwanamke hali kuku. Aliicheka mila hiyo mbele yetu, alituambia wasichana tule mpaka firigisi ambazo wanaume walijiwekea, lakini yeye hakugusa. Supu aliinywa. Nilipomshika kwa hilo alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Supu sio kuku," akasema.

Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo nilivyodhani atakuwa siku zote. Kisha ikaja ile homa iliyopita nyumba kwa nyumba. Kwa Kateresi ilikaa wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na ulimi wake. Hakumwambia mtu. Kwa miezi kadhaa alipika kwa mkono na kwa jicho, akilamba kiganja mbele ya wapishi kama kawaida, akinyamaza kama kawaida, na kusema iko sawa bila kujua kama iko sawa. Wakati huo nilikuwa nimehamia Uingereza, mjini Leeds, nikifanya kazi katika makao ya wazee, na kwenye simu sauti yake ilikuwa ile ile.

Kilichomfichua ni harusi ya Waislamu huko Mumias. Aliombwa asimamie pilau, jambo la heshima kubwa kwa mtu asiye wa dini yao, na akaitia chumvi mara mbili. Hakuna aliyemgombeza. Sahani zilirudi zimejaa, zimefunikwa vizuri. Kisha mjomba wa bibi harusi akaja mpaka kwenye mafiga, akamtolea asalaam aleikum, akamshukuru kwa chakula kizuri.

"Angenitukana ningelala," aliniambia baadaye. "Lakini aliniambia asante, na mimi nikaona mchele kwa sahani yake haijaguswa."

Jumatatu iliyofuata alipanga funguo za stoo juu ya meza ya mwalimu mkuu, akaenda nyumbani.

Mimi niliyajua haya nilipokuja likizo. Nilimkuta Shirere, mweupe wa nywele kuliko nilivyomwacha, akanimiminia chai. Maziwa yalikuwa yameganda, yameharibika kabisa. Yeye alikunywa kikombe chake chote. Sikusema kitu, na kwa mtu wa mdomo wangu hiyo ni habari tosha. Akatazama kikombe changu.

"Imeharibika?"

"Kidogo, Kateresi."

"Usiniambie kidogo. Imeharibika?"

"Imeharibika."

Akavichukua vikombe vyote viwili, akavimwaga nje, akarudi kukaa. "Mimi sisikii kitu," akasema. "Chumvi, sukari, pilipili, yote ni maji tu. Nakulanga kwa sababu saa imefika. Ingekuwa macho, watu wangenishika mkono. Ingekuwa masikio, wangepaza sauti. Lakini ulimi? Nikimwambia mtu anacheka, anasema si hata sasa utapunguza mwili." Alisema haya bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. "Sitaki kazi," akaendelea. "Sitaki harusi ya watu. Nataka tu irudi. Hata nusu."

Binti yake, ambaye ni muuguzi huko huko Leeds, alimleta Uingereza kwa miezi mitatu. Daktari alisema ladha nyingi hupitia puani, na kwamba mshipa wa kunusa umeumia, unaweza kupona na unaweza usipone, na kwamba anuse vitu vikali kila asubuhi na kila jioni ili kuuamsha. Kateresi alifanya kazi hiyo kama aliyeajiriwa. Limau, karafuu, kahawa, kitunguu saumu, kila kimoja kwenye kikopo chake dirishani. Nilipita kwao karibu kila wiki, na kila nilipoingia nilimtazama usoni kabla ya kumsalimia, naye alitikisa kichwa kabla sijauliza. Mwezi wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Binti yake alianza kuniambia pembeni kwamba lazima mama akubali, kwamba wengi hukubali, kwamba maisha ni mengi kuliko chakula. Nilimjibu kwamba mwenye maisha ya namna hiyo ni mtu mwingine, si mama yake. Tulikasirikiana siku mbili.

Wiki ya mwisho kabla hajarudi Kenya niliwaalika wote wawili mchana, nje. Nilichagua mkahawa wa rameni, zile tambi za Kijapani zinazoletwa ndani ya bakuli kubwa la mchuzi. Wenzangu kazini walikuwa wameusifia mpaka wakanichosha. Nilifikiri hivi: moto, mvuke, mchuzi uliopikwa siku nzima, kama kuna chakula kitakachomgusa, ni hicho. Sikumwambia mtu kwamba nimeweka tumaini langu lote kwenye bakuli la tambi, maana ningechekwa, na kwa haki.

Ulikuwa mchana wa mvua. Tukaketi karibu na dirisha, tukaagiza mabakuli matatu ya mchuzi wa kuku, tukangoja. Mhudumu, mama wa makamo mwenye tabasamu lisilochoka, alipita kila baada ya muda kutuambia dakika tano. Baada ya dakika tano za kwanza zikaja nyingine. Watu walioingia baada yetu wakaletewa chakula, wakala, wakaondoka. Maji tuliyopewa yalikwisha, tukaomba mengine, nayo yakachelewa. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Nilikuwa nachemka ndani.

Binti alimshika mama yake mkono mapema kabisa. "Mama, huku mtu haingii jikoni," akamwambia.

"Nani amesema anaingia?" Kateresi akajibu.

Hapo ndipo moyo uliponishuka. Alikuwa amekaa, viganja vimelazwa juu ya meza, anatazama mvua. Hakuangalia saa. Hakumtazama mhudumu. Nilimwambia, "Kateresi, wametuweka saa nzima, hutasema kitu?"

"Haina neno," akasema kwa upole. "Ikuje ama isikuje, kwangu ni sawa tu."

Nilimjua mwanamke huyu miaka mingi, nimemwona akimfukuza mwenye lori, na sijawahi kusikia kitu kilichonihuzunisha kama upole ule.

Mabakuli yalifika hatimaye. Nilijua tumepatikana kabla hata sijashika kijiko. Mvuke hakuna. Mchuzi ulikuwa na joto la maji ya kuoga mtoto. Tambi zimeshikana donge moja, na yai lililokatwa nusu lilikuwa na duara la kijivu kuzunguka kiini. Binti akaonja, akanitazama. Mimi nikaonja, nikamtazama. Kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, na kwa kuwa nilikuwa nimeusifia mkahawa ule wiki nzima, nikasema kwamba iko sawa. Binti akasema ndiyo, si mbaya. Tukala kwa adabu.

Kateresi aliomba uma, akahamishia vipande vyake vya kuku kwenye bakuli langu, akaanza kula kama alivyozoea kula siku hizo, kama mtu anayejaza fomu. Akala tonge la kwanza, la pili. Kwenye la tatu taya likasimama.

Akashusha uma. Akafumba macho. Akatafuna tena, mara moja, mara mbili, akameza. Kisha akauliza kwa sauti ya jikoni, ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu niondoke Kenya.

"Nani ametia musherekha kwa hii?"

Hapa lazima nimweleze asiyetoka kwetu. Musherekha ni maji ya majivu. Tunachoma maganda ya maharagwe yaliyokauka, majivu tunayatia kwenye chombo chenye matundu chini, tunamwagia maji juu, na yanayodondoka polepole, ya rangi ya chai hafifu, ndiyo tunayotia kwenye kunde na mrenda ili mboga ngumu ilainike. Kidogo tu. Ukizidisha, mboga inateleza mdomoni, inakuwa na ladha kama sabuni, na koo linakwaruza. Hakuna bibi harusi wa kwetu ambaye hajawahi kuzidisha musherekha na kuwapa wakwe zake mboga ya kufulia nguo. Ni kosa letu wenyewe, tunalitania mpaka mwenyewe azeeke.

Na sasa Kateresi alikuwa Leeds, mbele ya tambi za Kijapani, akiuliza nani amelifanya.

Binti aliweka kijiko chini taratibu. Uso wake wa kiuguzi ulirudi. "Mama," akasema, "wakati mwingine ubongo unakumbuka tu. Unakumbuka ladha ya zamani ukadhani unaisikia. Nimewaona wagonjwa wakifanya hivyo. Huku hakuna musherekha."

"Iko," akasema Kateresi.

"Mama, hawajui hata ni nini."

"Mimi sijasema wanajua. Nimesema wametia. Na wamezidisha."

Nilionja tena. Mimi nilisikia tambi mbovu tu, zinateleza kidogo. Lakini Kateresi alinitazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau, kwa sababu alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kwamba binti yake amesema kweli. "Wewe uliza," akaniambia. "Uliza aliyepika."

Nikamwita mhudumu. Nikamuuliza kwa Kiingereza cha heshima kama tambi zao zina majivu. Alinitazama kama nimemtukana. Nikajaribu tena: kitu kama maji ya majivu, kitu kinacholainisha, kinachoteleza. Akasema ataenda kuuliza, dakika tano.

Dakika tano zile zilikuwa ndefu kuliko saa nzima tuliyongoja. Hakuna aliyekula. Binti alikuwa ameshika mkono wa mama yake tena, safari hii si kwa kumzuia. Mimi, nisiyesali sana, nilisali palepale.

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi mwenyewe, mwanamume mnene mwenye upara na aproni iliyolowa. Akaja mpaka mezani kwetu akauliza nani aliyesema habari ya majivu. Nikamwonyesha Kateresi. Akainama kidogo, akaeleza, nami nikatafsiri neno kwa neno. Tambi za rameni, alisema, hukandwa kwa maji yenye chumvi za magadi; ndiyo yanayozipa rangi ile ya njano na kuzifanya zivutike. Siku hizi ni unga wa pakiti, lakini zamani baadhi ya watu walitumia maji ya majivu hasa. Tambi zao hukandwa hapo hapo jikoni. Asubuhi ile mizani yao ilikuwa imezima, akapima kwa jicho, akahisi mkono umekuwa mzito, lakini wateja wote walikuwa wamekula na hakuna aliyesema kitu. Halafu akaniambia nimuulize mama huyu amejuaje.

Nilitafsiri hadi neno la mwisho. Binti alikuwa ameshafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanamcheza, yule aliyetaka mama akubali.

Kateresi hakulia. Alivuta bakuli karibu. "Mwambie nimeijua kwa mdomo," akasema. Kisha akachukua kijiko, akaonja mchuzi, akautembeza mdomoni, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyekula vizuri. "Na mwambie hii supu imeongezwa maji. Ilikuwa nzuri, halafu watu wakaongezeka, wakaongeza maji." Nikatafsiri. Mpishi akawa mwekundu. Kateresi akaonja yai. "Hii ni ya jana." Nikatafsiri. Akanusa kitunguu, akakinusa tena, akacheka peke yake. "Kisu ya hii kitunguu ilikata samaki kwanza."

Mpishi alisema ni kweli, yote. Alisema atatutengenezea mabakuli mapya kwa mikono yake, kama tuna muda.

"Muda tuko nayo," akasema Kateresi. "Lakini hii usichukue." Akalizungushia bakuli mkono kama mtu anayelinda sahani shuleni. Nami nikaona akila zile tambi za sabuni, moja moja, akizihukumu zote, mchuzi wa uvuguvugu, yai la jana, kila tonge na kosa lake. Ladha zingine hazikufika, alikiri hivyo. Tamu bado ilikuwa mbali, pilipili ilikuja ikaenda. Lakini uchungu aliusikia, na chumvi, na samaki wa watu wengine. Alikunywa mchuzi mpaka bakuli likaonyesha michoro ya chini. Nilikuwa nimemtakia chakula kitamu, na nilifurahi mpaka kifua kikauma kwamba nilimletea kibaya, maana kitamu angekipita kimya kimya akidhani ni kumbukumbu.

Alipomaliza akajifuta mdomo, akanigeukia. Sikuupenda mtazamo ule. Ulikuwa ule wa kwenye foleni ya maharagwe.

"Wewe," akasema. "Ulimi yako iko mzima?"

"Iko, Kateresi."

"Homa haijakupata?"

"Haijanipata."

"Na ulikula hii kitu, ukaniangalia kwa macho, ukasema iko sawa."

Binti alianza kucheka kati ya machozi. Mimi sikuwa na pa kujificha. Nikavuta bakuli langu, nikachota kijiko kizima cha tambi, nikazitafuna vizuri huku akinisubiri, nikameza.

"Ni mbaya," nikasema. "Ni mbaya sana."

"Eeh," akasema Kateresi, akaegemea kiti. "Sasa tunaongea."